Fremu za pembeni kwenye bodi ya pikapu, bila kulichomelea gari

Pikapu yangu ni Hilux ya kabini moja. Hubeba mbuzi kutoka mnada wa Msalato hapa Dodoma, majani ya ng'ombe, na msimu ukifika kreti za zabibu. Mizigo hiyo yote ina tabia moja: si mizito sana, ila inajaa mapema. Kuta za bodi zina kimo cha sentimita 45 tu. Mbuzi mwenye akili timamu anaziruka gari likiwa bado halijawaka.

Fremu nimeweka mara mbili. Mara ya kwanza nililiacha gari kwa fundi asubuhi, jioni nikalikuta mabomba yamechomelewa moja kwa moja kwenye kuta za bodi, na la mbele limeungwa na kabini. Lilipendeza, sikatai. Siku moja navuka korongo, gurudumu la nyuma limeingia shimoni na la mbele liko juu, kioo cha nyuma cha kabini kikapasuka chenyewe. Misimu miwili ya mvua baadaye, kila palipochomelewa palikuwa na kutu ya kuingiza kidole.

Sababu zote mbili ni rahisi ukishaambiwa. Kabini na bodi ya pikapu ya namna hii ni vitu viwili, kila kimoja kimekaa kivyake juu ya chasisi, na chasisi ikipita kwenye njia mbovu hujikunja. Uwazi ule mdogo kati ya kabini na bodi umeachwa makusudi. Ukiviunga kwa bomba, cha kwanza kulegea ni kile dhaifu, na kwangu kilikuwa kioo. Kuhusu kutu: bati la ukuta wa bodi halifiki hata milimita moja. Moto wa kuchomelea hulitoboa au huunguza rangi upande wa pili, ndani kule ambako hakuna brashi itakayofika.

Mara ya pili nilisimamia mwenyewe, na fremu zikafungwa kwa bolti. Maelezo yafuatayo ni ya mara hiyo ya pili.

Kabla ya kwenda dukani, shika kalamu

Fremu inaongeza kimo. Haiongezi hata kilo moja kwenye uwezo wa gari, bali inapunguza. Chukua kadi ya gari, toa uzito wa gari tupu kwenye uzito wa jumla ulioruhusiwa. Kinachobaki ndicho cha kugawana kati ya mzigo, watu na hizo fremu zenyewe. Tuseme imebaki kilo 1,000. Fremu nitakazoeleza hapa zina karibu kilo 85. Dereva na mwenzake, kilo 150. Umebakiwa na kilo 765 na bado hujapakia kitu.

Mbuzi 12 wa kilo 30 ni kilo 360, hakuna tabu. Majani hayana tabu. Mchanga ndio wenye tabu: bodi ya mita 2.2 kwa 1.5 ukiijaza mchanga mkavu hadi usawa wa kuta za kiwandani tu, umeshapita tani 2. Kwa hiyo anayetaka fremu ili apakie mchanga au kokoto nyingi zaidi, aache. Atakuwa anafunga lumbesa kwenye gari, na watakaolipa ni springi, breki na matairi.

Jambo la pili la kuamua ni kimo. Mimi nimeongeza sentimita 70, hivyo kutoka sakafuni hadi juu ni sentimita 115. Kwa mbuzi na kondoo inatosha. Kwa magodoro na viti inatosha. Kwa ndama mkubwa haitoshi, na kwa ng'ombe sishauri pikapu kabisa, kwa sababu uzito ule ukihamia upande mmoja kwenye kona, gari linakwenda nao.

Vifaa

Vipimo hivi ni vya bodi yangu, yenye urefu wa ndani wa mita 2.25 na upana wa 1.5. Lako lipime mwenyewe, na upana uupime sehemu tatu, mbele, katikati na nyuma, maana gari lililowahi kugongwa huwa si la mraba tena.

Bomba la pembe nne la milimita 40 kwa 40, unene wa milimita 2, vipande 5. Dukani ukisema skwea paipu wanakuelewa. Hili ni la nguzo na la viunzi vya juu na chini.

Bomba la 25 kwa 25, unene 1.5, vipande 4. Hili ni la fito za katikati. Bomba linauzwa kama la mita 6, lakini beba futi yako. Ukipima ukakuta ni mita 5.8, nunua bomba la tano, kwa sababu mpango wa kukata utakuangusha kwa upana wa diski ya grenda.

Flati baa ya milimita 5, upana wa sentimita 8, mita 2 hivi, kwa ajili ya nyayo za nguzo, masikio na mabamba ya chini. Bolti za namba 10 za milimita zenye nati za nailoni ndani, pamoja na washa pana. Raba ya tyubu kuukuu, kutoka kwa fundi wa pancha. Vijiti vya kuchomelea vya milimita 2.5, rangi ya redi oksaidi (ile ya chini ya kuzuia kutu), rangi ya mwisho, na silikoni ya kuziba matundu.

Watakushawishi ununue bomba la mabati linalong'aa kwa kuwa halishiki kutu. Nilichagua jeusi la kawaida. Mabati yakichomelewa hutoa moshi mweupe wa zinki, na ukiuvuta utaugua homa usiku huo, viungo vyote vikiuma. Mafundi wengi wanaamini glasi ya maziwa inaondoa. Maziwa hayaondoi chochote. Moshi umeingia kwenye mapafu, maziwa yanaingia tumboni. Ukilazimika kutumia mabati, kwaruza ile ngozi kwa grenda mahali pa kuchomelea, fanya kazi uwanjani, na kaa upande upepo unakotokea.

Hatua ya 1: Kukata

Kwa kila ubavu utahitaji bomba la 40 vipande viwili vya mita 2.2, nguzo nne za sentimita 62 na miguu mitatu ya sentimita 45, halafu fito tatu za mita 2.2 za bomba la 25. Fremu ya mbele na ya nyuma, kila moja ina vipande viwili vya mita 1.4, nguzo tatu za sentimita 62 na fito tatu za mita 1.4. Upana wa 1.4 umetokana na 1.5 ukitoa unene wa fremu za ubavuni na nafasi ya kupumua.

Kata virefu kwanza. Kila fundi anajua hivyo, na kila fundi anayeharakishwa na mteja husahau. Bomba moja la 25 linakupa fito mbili za ubavuni na moja ya mbele, na mabomba matatu ya namna hiyo yanamaliza fito zote za ubavuni. Fito tatu zilizobaki zinatoka kwenye la nne.

Hatua ya 2: Miguu

Hapa ndipo watu wengi wanapobania, na ndipo penye kazi yote. Fremu nyingi utakazoziona barabarani zimekaa juu ya mdomo wa ukuta wa bodi, zikashikwa na bolti mbili kila nguzo. Sasa fikiri mbuzi wote wameegemea upande mmoja kwenye kona, na nguzo moja imesukumwa kule juu kwa nguvu ya kilo 50. Nguzo ina kimo cha sentimita 70 na wayo wake ni wa sentimita 8. Ile bolti ya ndani inavutwa kwa zaidi ya kilo 430. Bolti inaweza kuvumilia, ila bati jembamba lililo chini yake halivumilii. Linavimba, linachanika, na fremu inaanza kulewa.

Shusha mguu kutoka kwenye nguzo hadi sakafuni, upande wa ndani wa ukuta, ufunge na bolti chini. Sukuma tena kwa kilo zile zile 50. Mdomo wa ukuta sasa ni egemeo, mguu una sentimita 45, na nguvu inayoifikia bolti ya sakafuni ni kilo 78 hivi. Gharama yake ni bomba mita 2.7 kwa gari zima. Sijaona mahali pengine kwenye kazi hii ambapo fedha ndogo inanunua nguvu kubwa kiasi hicho.

Kwa hiyo fremu ya ubavuni inasimama ndani ya ukuta, si juu yake. Miguu mitatu inashuka sakafuni: mbele, nyuma, na mmoja karibu na katikati ukikwepa nundu ya gurudumu. Kila mguu unaishia kwenye wayo wa flati baa wa sentimita 8 kwa 8. Juu, usawa wa mdomo wa ukuta, unachomelea masikio ya flati baa yanayolala juu ya mdomo huo. Hayo yanaizuia fremu isiangukie ndani.

Baadhi ya pikapu zina matundu ya mraba juu ya kuta, yaliyowekwa kiwandani kwa ajili ya nguzo. Kama lako linayo, shukuru Mungu: ingiza nguzo humo, zipitishe pini, na nusu ya maelezo haya hayakuhusu.

Hatua ya 3: Kushikiza, kupima, kuchomelea

Tafuta sakafu iliyonyooka, panga fremu moja ya ubavuni, uishikize kwa nukta ndogo tu kila kona. Usichomelee moja kwa moja. Pima mshazari kutoka kona hadi kona: kwa fremu ya mita 2.2 kwa 0.7, kila mshazari unapaswa kuwa mita 2.31 hivi. Namba yenyewe haina uzito kama kule kulingana kwa mishazari yote miwili. Ikitofautiana, gonga kona yenye mshazari mrefu kwa nyundo hadi ilingane.

Fito za 25 ziweke upande wa ndani wa nguzo, zikipita mfululizo bila kukatwa. Mzigo ukisukuma, unazikandamiza kwenye nguzo. Ukiziweka nje, kila msukumo unajaribu kubandua ulichochomelea. Fundi wangu alitaka nje kwa sababu inaonekana safi. "Bosi, watu wataangalia nje," akaniambia. Nikamwambia mbuzi wako ndani.

Nafasi kati ya fito si lazima zilingane. Mbuzi akichoka safari husimama kwa miguu ya nyuma na kutupia ya mbele kwenye fremu. Kwato ikipenya na gari likaruka, mguu umevunjika. Mimi nimeacha sentimita 10 chini kabisa, kisha 12, kisha 15, na juu 17.5. Kwa anayebeba majani na magodoro peke yake, agawanye sawasawa, hakuna atakayedhurika.

Fremu zote zikishashikizwa, zipandishe kwenye gari na uzijaribu kabla ya kuchomelea. Angalia mambo haya hapo hapo: mlango wa nyuma wa bodi unashuka bila kugusa, kati ya fremu ya mbele na kabini pana angalau sentimita 5, taa za breki, pamoja na ile ya juu ya kabini kama ipo, zinaonekana kutoka nyuma, na ukikaa kwenye usukani, kioo cha ndani hakikuonyeshi bomba tupu. Fremu yangu ya mbele ilibidi fito moja ishuke sentimita 4 kwa sababu hiyo ya kioo.

Halafu zishushe chini. Kuchomelea kwenyewe kufanyike mbali na gari. Kwa kijiti cha 2.5 kwenye bomba jembamba, ampea 70 hivi zinatosha kuanzia. Ukiona bomba linatoboka, shusha. Ruka kona: chomelea kidogo hapa, nenda kona ya mshazari, rudi. Ukimaliza upande mmoja wote kwa pumzi moja fremu itapinda kama upinde, na ile hesabu ya mshazari itakuwa ya bure.

Kama fundi anasisitiza kuchomelea kitu kikiwa juu ya gari, mambo manne yasijadiliwe. Waya wa hasi wa betri utolewe. Klampu ya ethi ya mashine ishike fremu yenyewe, karibu kabisa na mahali pa kuchomelea, isishike bampa wala chasisi kule mbali, umeme ukapita kwenye beringi. Tangi la mafuta liko chini ya bodi, kwa hiyo mtu wa pili asimame na ndoo ya mchanga. Na vioo vifunikwe kwa blanketi lililolowa, kwa sababu cheche za grenda zikigusa kioo zinaacha vidoti ambavyo havitoki milele.

Hatua ya 4: Kutoboa sakafu

Ingia chini ya gari na tochi kabla hujashika drili. Chini ya sakafu ya bodi kuna bomba la breki, nyaya za taa za nyuma, tangi na paipu yake ya kujazia. Weka alama juu, pima kutoka kwenye tundu au boriti unayoiona pande zote mbili, kisha uhakikishe chini kwamba hakuna kitu. Mguu ukiangukia karibu na boriti ya chuma inayopita chini ya sakafu ni vizuri zaidi, kwa kuwa bati lililo hewani hutikisika.

Anza na biti ya milimita 4, malizia na 11. Paka redi oksaidi ukingoni mwa kila tundu na usubiri ikauke. Ukiruka hatua hiyo, kutu itaanzia hapo hapo. Mpangilio kutoka juu ni bolti, washa, wayo wa mguu, raba, sakafu, halafu chini bamba la sentimita 8 kwa 8, washa, nati. Bamba la chini ndilo linaloshika. Washa peke yake italivuta bati hadi litoboke. Zungushia silikoni.

Masikio ya juu nayo yana raba chini yake na bolti moja moja. Usiyakaze hadi mdomo wa ukuta ubonyee.

Hatua ya 5: Fremu ya mbele na ya nyuma

Fremu ya mbele inafungwa na fremu za ubavuni kwa bolti mbili kila upande, haigusi kabini popote. Basi.

Ya nyuma ifanye ya kuchomoa. Ina kilo 15 hivi, mtu mmoja anaiinua. Chomelea vipande vya engo (chuma chenye umbo la L) kwenye nguzo za mwisho za ubavuni vitengeneze mfereji, fremu itelemkie humo kutoka juu, na pini yenye mnyororo izuie isiruke. Bawaba zinapendeza, lakini fremu yenye bawaba hugonga usiku kucha kwenye barabara ya makorongo, na kufungua kwake kunahitaji nafasi nyuma ya gari ambayo mnadani haipo. Mnyororo wa pini usiuache: pini isiyo na mnyororo ina safari moja tu.

Hatua ya 6: Rangi

Ziba ncha zote za mabomba zilizo wazi, kisha toboa kitundu cha milimita 5 chini ya kila mguu ili maji yatoke. Kwaruza takataka za kuchomelea, futa mafuta kwa thina, redi oksaidi mara mbili, rangi ya mwisho mara mbili. Bandika rifrekta nyekundu nyuma na nyeupe mbele. Mkojo wa mbuzi unakula chuma kuliko mvua, kwa hiyo miguu na nyayo zipakwe mkono mmoja zaidi, na bodi ioshwe kwa maji siku hiyo hiyo ya safari.

Kabla ya kulirudisha barabarani

Waonyeshe polisi wa usalama barabarani ulichofanya au unachotaka kufanya, mapema, kituoni, kuliko kuelezea ukiwa umesimamishwa na mbuzi wanalia nyuma. Fremu za bolti zina faida hapo pia: zinavuliwa. Ukibebea watu mizigo kwa malipo, leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ni jambo jingine kabisa na fremu hazihusiki nalo. Kwa mifugo, kibali cha kusafirisha kutoka kwa afisa mifugo kiwe mfukoni kabla hujapakia.

Sakafu ya chuma inateleza, na mbuzi anayeteleza anawaangusha wenzake. Mwaga mchanga kidogo na majani makavu juu yake. Ukifunga turubai juu ya fremu kwa ajili ya majani au kreti, endesha ukikumbuka kwamba sasa una tanga: upepo wa mchana ukivuma kutoka ubavuni utausikia kwenye usukani.

Safari ya kwanza nenda karibu, bila mzigo wa maana, kwenye njia mbovu kuliko zote unazopita. Ukirudi, ingia chini na spana ya 17, ukaze nati zote za sakafuni. Raba huwa imejilaza na nati zinakubali robo ya mzunguko. Rudia baada ya wiki, halafu kila unapobadilisha oili. Fremu ikianza kupiga kelele, usifunge matambara. Tafuta bolti iliyolegea, na mara nyingi itakuwa ya mguu wa nyuma upande wa dereva, ule anaoukanyaga kila mtu akipanda bodini.

Fremu ya ubavuni ina kilo 26 hivi, watu wawili wanaivua kwa dakika kumi. Nikijua mwezi mzima sitaenda mnadani ninazivua zote nne, nazisimamisha ukutani nyuma ya banda, na matundu ya sakafu ninayaziba kwa bolti zake zenyewe ili zisipotee.